Kiti cha Mbele

Bibi yangu hajawahi kufika Uingereza, wala hajui wimbo wa Kiingereza hata mmoja mpaka mwisho, lakini wanamuziki wa kule anawajua kama anavyowajua majirani zetu wa hapa Ibra. Anajua nani alipanda haraka akashuka haraka, nani aliacha ulevi, nani aligombana na mpiga ngoma wake kwa sababu ya mayai ya kukaanga. Majina yao hayajui. Mimi nalijua moja tu, nimelijua mwaka huu, na hata hilo silitaji hapa, kwa sababu Bibi halitaki. Anasema jina litamharibia mtu wake.

Habari zote hizo zilitoka kwa kaka yake. Walipotoka Unguja kila mtu alitupwa upande wake: Bibi alikuja huku Oman na mume wake, kaka yake akaishia Uingereza akabaki huko. Sisi wajukuu tunamwita Babu wa Kanda, kwa kuwa hatukumjua ila kwa sauti. Alikuwa dereva wa basi dogo la kukodi, na waliokuwa wakilikodi zaidi ni waimbaji na wapiga magitaa wanaotakiwa kupiga mji huu leo na mji ule kesho. Basi halichagui. Leo linabeba watu wa rok, kesho watu wa rege, keshokutwa vijana wa pank wenye nywele za jogoo, na siku ya nne mzee mmoja wa jazi na tarumbeta lake kwenye sanduku lililofungwa kwa mkanda wa suruali.

Zamani zile watu wetu hawakuandikiana barua sana. Walikaa na redio kaseti, wakasema, wakampa msafiri kanda ile aibebe. Babu alikuwa akipewa kanda za bure na abiria wake, kanda za nyimbo zao. Alikuwa akichukua selotepu, akaziba vile vitundu viwili vya juu ya kanda vinavyozuia watu wasirikodi, kisha akarikodi barua yake upande wa kwanza, juu ya nyimbo. Upande wa pili aliuacha na muziki wake. "Upande huu nimesema mie," alikuwa akimwambia Bibi, "upande wa pili msikilize mwenyewe, umhukumu."

Ziko saba. Bibi anazihifadhi kwenye bati la biskuti, juu ya kabati, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana anasikiliza moja. Vidole vyake vimekuwa vigumu, kwa hiyo mbonyezaji ni mimi.

Kazi hiyo inanifaa. Mimi ni mtu wa kuandika. Kwenye kundi la simu la ukoo wetu binamu zangu wa Maskati na Sur wanatumiana sauti kutwa nzima, wanacheka, wanaimbiana, na mimi naandika tu "Amin" au "Mabruk". Siku moja nilijaribu. Nilibonyeza, nikajisikia ninavyopumua, nikafuta. Darasani mwalimu akinitazama tu, nainamia daftari. Mama anasema nitakua nitaacha. Niko darasa la kumi na moja sasa, na sijaacha. Kwa Bibi nilikuwa siogopi kwa sababu pale sitakiwi kusema kitu. Bibi anasema, Babu anasema, mimi nabonyeza.

Kitu ambacho Babu alikijua kuliko watu wote ni viti. "Dada yangu," anasema katika kanda ya pili, "mie sisomi gazeti kujua nani kapanda na nani kashuka. Natazama kiti tu." Mwanamuziki anapoanza, anagombania kiti cha mbele, karibu na dereva. Anauliza tumefika wapi, anakupa chipsi zake, anakuimbia wimbo mpya ili umwambie mzuri au mbaya. Wimbo ukishika, anahamia nyuma na miwani myeusi, na mbele anakaa mtu mwingine wa kumsemea: Bwana mkubwa anasikia baridi, Bwana mkubwa anataka kwenda chooni. Ukizidi kushika, humwoni tena, kapata basi lake na dereva wake. Halafu miaka inapita, unapelekwa mahali kumchukua mtu, unamkuta kasimama ukingoni mwa barabara na gitaa lake mkononi, peke yake, na anaufungua mlango wa mbele mwenyewe. "Na hapo, dada, ndipo mazungumzo yanapokuwa matamu."

Bibi anawafuatilia wote. Yuko kijana wa gitaa, mrefu kama nguzo ya umeme, aliyekaa nyuma miaka miwili tu, kisha akarudi mbele, kisha akaacha kabisa akawa anatengeneza viti vya mbao. "Afadhali," husema Bibi kila akisikia pale. "Kiti hakimkatai mtu." Yuko binti ambaye wimbo wake uliimbwa na nchi nzima kwa kipupwe kimoja, akiwa na watu watatu wa kumshikia nguo, na kipupwe cha pili anashika nguo zake mwenyewe. Bibi humwombea Mungu. Yuko mpiga besi wa rege, mtoto wa watu wa visiwa vya mbali kama Babu mwenyewe, aliyemwomba Babu amfundishe kuendesha, na kundi lilipovunjika akawa dereva wa basi la mjini. Babu alikuwa akijivunia huyo kuliko wale waliotajirika. Na wale wa pank, waliokuwa wakivunja viti jukwaani, ndani ya gari walitaka chai ya maziwa na wakalala vinywa wazi kama watoto waliotoka chuoni kusoma Kurani.

Lakini mtu wa Bibi hasa ni bibi wa koti jekundu. Huyo hakuwa na gitaa wala ngoma. Aliimba nyimbo za zamani za watu wa pwani ya kwao, za wanawake wa kupara samaki, kwa sauti tupu, pengine na mzee mmoja wa fidla. Alianza kiti cha mbele. Alipopata jina, akabaki kiti cha mbele. "Huyu peke yake ndiye hakuhama," anasema Babu, na ukimsikiliza utajua alimheshimu. Bibi katika barua zake za kujibu alikuwa akimwulizia kila mara, na Babu anatania: "Watoto wa kaka yako huwaulizii, unaniulizia Mngereza."

Kanda ya saba ndiyo ya mwisho. Baada yake haikuja kanda, ilikuja simu ya msiba.

Sasa nieleze nilichokifanya.

Ilikuwa Ijumaa, zamu ya kanda ya saba. Baba na Mama wamelala, nyumba nzima imelala, kiyoyozi cha dirishani kwa Bibi kinanguruma kama kawaida yake. Babu alikuwa amefika pale kwa bibi wa koti jekundu: "Na yule wako, dada, unayeniuliza kila siku, juzi nimempakia tena. Peke yake. Hana mzee wa fidla, hana mtu. Nikamwuliza, mama, umepatwa na nini? Akanambia..."

"Simamisha," Bibi akasema. "Nakwenda kutia udhu mapema. Nikirudi tumsikilize vizuri."

Nikasimamisha. Akaenda. Nikaona niiweke tayari, nisikilize kidogo peke yangu kisha nirudishe nyuma. Kile kitufe cha kupiga ni kigumu, tangu zamani nakibonyeza kwa vidole viwili, na jirani yake ni kitufe chekundu. Nikabonyeza. Kanda ikazunguka, kimya. Nikafikiri sauti iko chini, nikaongeza. Kimya. Nikasogeza sikio. Nikakaa hivyo kwa muda, nikitazama gurudumu linavyozunguka, mpaka mwadhini wa msikiti wa jirani akaanza: "Allahu Akbar, Allahu Akbar." Mkono wangu ukaenda wenyewe kuzima, kama tulivyofundishwa tangu wadogo, adhana ikianza hakuna redio. Ndipo nikaona ile taa nyekundu ya kurikodi, ikizimika.

Kama Babu asingeziba vile vitundu kwa selotepu, kitufe chekundu kisingeshuka. Lakini aliviziba, maana bila hivyo tusingekuwa na barua.

Bibi aliporudi amevaa baibui lake la kusalia, akaniuliza, "Mbona umekunja uso?" Nikasema kichwa kinauma. Akasema basi, twende tukasali, tutaimalizia Ijumaa ijayo. Nilipopata nafasi nikasikiliza. Babu anasema, "Akanambia..." kisha kiyoyozi, kisha mtu anapumua, anapumua tena, kiti kinalia, kisha "Allahu Akbar, Allahu Akbar," kisha Babu anaingia katikati ya sentensi: "...nikamfungulia mlango wa mbele, akakaa. Hatukusema kitu mpaka tumevuka daraja."

Nilipima kwa simu. Sekunde hamsini na mbili za pumzi zangu, na takbira.

Wa kwanza kunigundua alikuwa dada wa Tanga, anayetusaidia kazi za nyumba. Alinikuta jikoni nimesimama mbele ya friji iliyo wazi.

"Unatafuta nini humo, mdogo wangu? Baridi?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na uso umekuwa kama ndimu iliyokamuliwa. Umevunja nini?"

Nikamwambia, kwa sauti ya kunong'ona. Akaweka kisu chini.

"Sauti ya marehemu?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ya marehemu ndiyo nyingi hiyo. Kamwambie leo hii."

"Siwezi."

"Nikusemee mimi?"

"Hapana!"

"Basi ndiyo unaweza kupiga kelele, kumbe," akasema, akaendelea kukata vitunguu.

Tumaini langu lilikuwa Aija, mtaa wa Sur ulio ng'ambo ya daraja. Zamani kanda ikifika nyumba moja, nyumba nyingine huinakili kabla haijasahauliwa mezani, na nilijua Bibi wa Aija, binamu yake Bibi, alikuwa akinakili kila kitu. Kesho yake, Jumamosi, Baba alikuwa na safari ya Sur. Nikasema nataka kwenda. Baba alishangaa, maana kwa kawaida mimi sitoki. Njia nzima alisikiliza habari, na mimi nilitazama milima inavyoisha na hewa inavyobadilika kuwa ya bahari. Tukavuka daraja kuingia Aija, akanishusha mlangoni, akaenda shughuli zake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Lo, umekuwa mrefu, na bado bubu? Kaa. Kula halwa."

Nilikula halwa. Kahawa nikanywa vikombe vitatu kwa kutojua nianze vipi. Mwishowe nikasema nataka kusikia kanda za Babu, za kule Uingereza, kama anazo.

"Ninazo! Zote ninazo!" Akaniletea sanduku la viatu. Zilikuwa saba kweli, na juu ya kila moja mwandiko wake mwenyewe: barua ya kwanza, barua ya pili, mpaka ya saba. Akaitia ya saba kwenye mashine yake. Ikatoka Kurani.

"Marehemu mume wangu," akasema, bila hata kushtuka. "Aliporudi kutoka hija alisema nyumba hii muziki basi. Akazijaza zote, moja moja, kwa msomaji mmoja mzuri sana, sikiliza. Nikamwambia, bwana we, hizo si muziki, hizo ni barua. Akanambia upande wa pili kuna magitaa." Akacheka. "Na sasa nani atarikodi juu ya Kurani? Haitupwi, haifutwi. Imeshakuwa wakfu. Kwani unatafuta nini humo?"

"Nilitaka kujua habari za yule mwenye koti jekundu."

"Aa, wa Bibi yako! Mimi wangu walikuwa wale wa nywele za jogoo. Sijui kama wamekua, maskini." Akafikiri. "Yule wa koti, nakumbuka aliacha. Au aliachwa? Kitu kama hicho. Muulize Bibi yako, anaijua yote."

Nikarudi Ibra na halwa kwenye mfuko, na bila sekunde hata moja.

Wiki ile nilifanya kitu ambacho sijui nikiite nini. Nilijiambia namtafuta huyu bibi ili nimjazie Bibi pengo. Ukweli ni kwamba kutafuta kulikuwa rahisi kuliko kusema. Nilichukua upande wa pili wa kanda ile ile, ambao ni sauti ya yule bibi mwenyewe akiimba, nikaiwekea simu itambue wimbo. Haikutambua, kanda imekuwa nzito, inaimba kama mtu mwenye usingizi. Nikaiharakisha kidogo ndani ya simu, nikajaribu tena, na tena, mpaka siku ya Jumatano mchana, nimetoka shule, jina likatokea. Nilishtuka kama mtu aliyegongewa mlango.

Yu hai. Hilo la kwanza. Niliyasoma yote yaliyoandikwa juu yake, na kamusi pembeni. Aliwahi kutoa rekodi tatu za nyimbo za pwani na watu wakampenda. Wakubwa wa kampuni wakamwambia nyimbo za sauti tupu zimepitwa na wakati, wakampa wapiga magitaa ya umeme, na rekodi ile ikakataliwa na wapenzi wake wa zamani na isitakwe na wapya. Akatolewa. Mwaka huo, kwa nilivyohesabu, ndio mwaka wa kanda ya saba. Baadaye alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaanza kufundisha kuimba hospitalini, watu wenye maradhi ya mapafu, wasioweza kupanda ngazi tano. Kuna video. Wamekaa duara, wengine na mipira ya hewa puani, na yeye katikati, mkongwe, nywele nyeupe zote, kavaa sweta la buluu. Hawafundishi kwanza kuimba. Anawafundisha kutoa pumzi polepole, kwa sauti ya "sss", mpaka iishe, halafu wangoje kabla ya kuvuta nyingine. Mwisho wanaimba ule ule wimbo wa wapara samaki ulioko upande wa pili wa kanda yetu. Niliitazama mara nyingi.

Ijumaa ikafika. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilipoingia nikasema shikamoo, Bibi akasema marahaba, na maneno yakanikimbia. Akasema, "Rudisha kidogo, pale alipompakia." Nikarudisha. Nilikuwa na wiki nzima ya kusema, na iliyosema ni kanda.

"Nikamwuliza, mama, umepatwa na nini? Akanambia..."

Kiyoyozi. Bibi akangoja. Akatazama mashine, akanitazama mimi.

"Nani huyu anapumua?"

Takbira ikapita, Bibi akaitikia kwa midomo tu, kwa mazoea. Babu akaingia na mlango wake wa mbele. Bibi akainua mkono, nikazima.

"Wewe?"

"Mimi, Bibi."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikaa na mikono mapajani, akifumba macho, midomo inacheza kama anayetafuta aya aliyoisahau. Akaanza: "Akanambia... akanambia wamenitoa... hapana. Akanambia baba..." Akaacha. Akajaribu tena. Mwisho akafungua macho, na ndiyo siku ya kwanza nimemwona Bibi yangu na hofu.

"Nimeisikiliza miaka yote hii," akasema, "na siikumbuki. Nilikuwa naiachia kanda inikumbukie."

Kisha akasema, "Nenda mwanangu. Niache."

Siku ile hakuja mezani kula. Mimi nikafanya ninachokijua. Niliandika barua, kurasa mbili, nikaeleza kitufe, selotepu, Aija, na yote niliyoyasoma juu ya yule bibi. Nikampa dada wa Tanga amsomee. Baada ya dakika tano akarudi nayo.

"Amekataa."

"Hakuisikiliza?"

"Nilifika kwenye 'Bibi yangu mpenzi,' akanizuia. Kasema: mwambie mimi sipokei barua za karatasi, napokea za mdomo. Kama ana habari aje nazo." Akanirudishia karatasi zangu zilizokunjwa. "Usinitazame mimi. Nilikwambia tangu siku ya friji."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nilisimama mlangoni kwa Bibi mpaka akasema, "Ingia au toka, baridi inakimbia." Nikaingia, nikakaa chini, karibu na miguu yake, nikitazama zulia. Nikatoa pumzi polepole kama wale wagonjwa, nikangoja, nikavuta nyingine, nikaanza. Kiswahili changu kilivurugika, nikachanganya na Kiarabu, Bibi hakunisahihisha. Nilimwambia yote. Nilipofika kwenye rekodi ya magitaa ya umeme, akasema, "Ndiyo! Hilo alilisema. Wamenivalisha nguo ya mtu mwingine, ndivyo alivyomwambia." Akanishika bega. "Hilo nalikumbuka. Endelea."

Nikaendelea. Hospitali, duara, mipira puani, sweta la buluu. Nikamwonyesha video. Akaiweka simu karibu sana na uso.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Bibi."

"Mzee kama mimi." Akatazama mpaka mwisho. "Na kiti kakiweka katikati. Hakukaa mbele wala nyuma." Akanirudishia simu. "Babu yako alikufa hayajui haya. Alikufa akijua kamshusha mtu mvuani, hana kazi."

"Ndiyo."

"Basi mwambie."

Sikuelewa.

"Mwambie," akasema tena. "Barua ikija inajibiwa. Pale pale penye pumzi zako pana nafasi, si umesema umepima? Jaza. Mie sauti yangu haifiki tena. Lakini ile takbira usiiguse. Mtu hafuti jina la Mungu kwa ajili ya habari za duniani. Sema, na kabla mwadhini hajaanza, uache."

Nikamwambia sekunde hamsini na mbili hazitoshi maisha ya mtu. Akasema, "Babu yako alikuwa akimaliza habari za watu watano kabla taa ya barabarani haijawa kijani." Nikamwambia nikikosea nitafuta zaidi. Akasema, "Hukosei mara mbili kitu kimoja. Utakosea kingine."

Nilifanya mazoezi siku nzima kwa simu. Nilizisikiliza sauti zangu zote na sikufuta hata moja mpaka nilipopata ya sekunde arubaini na nane. Barua ya kanda ina taratibu zake: lazima usalimie, useme uko wapi, na utaje waliomo chumbani, na hizo peke yake zilikula sekunde kumi. Dada wa Tanga alisimama mlangoni na saa ya simu yake, akaambiwa anyanyue mkono zikibaki tano. Bibi akazima kiyoyozi. Chumba kikawa kimya, nikasikia njiwa wa ukutani. Nikairudisha kanda mpaka "Akanambia", nikasimamisha, nikaweka vidole viwili, safari hii kwa kujua.

"Assalamu alaykum, Babu. Hapa Ibra, chumbani kwa dada yako, yeye mzima, nami ni mjukuu wake, hujanijua. Yule bibi wako alikwambia wamemvalisha nguo ya mtu mwingine. Aliivua, Babu. Alikaa kimya miaka mingi, kisha akaenda hospitali kuwafundisha wagonjwa wa mapafu wavute pumzi kwa kuimba. Nimemwona, amezeeka, koti hana. Anaimba bado ule wimbo wa samaki, wanamwitikia watu kumi na wawili, kama viti vya gari lako. Dada yako anasema usiwe na wasiwasi naye. Nami naomba radhi, nimekukata maneno."

Mkono wa dada wa Tanga ulikuwa juu. Nikabonyeza kuzima.

Nikarudisha nyuma, nikapiga. Babu akauliza, mama, umepatwa na nini. Akanambia. Nikaingia mimi, sauti nyembamba, inatetemeka mwanzo, kisha inatulia. Kisha pumzi moja ya zamani iliyobaki. Kisha "Allahu Akbar, Allahu Akbar," kamili, haikuguswa. Kisha Babu, bila kushtuka, kama aliyekuwa akingoja nimalize: "...nikamfungulia mlango wa mbele, akakaa."

"Mimi hukunitaja," dada wa Tanga akasema kutoka mlangoni. "Waliomo chumbani lazima watajwe. Mimi nilikuwa wapi, chumba cha pili?"

"Ulikuwa mlangoni," Bibi akasema. "Mlango si chumba." Wakacheka wote wawili, na Bibi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kisha akaniambia nimpe kanda. Akaiweka kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kuikuna ile selotepu ya Babu kwa ukucha. Vidole vilimshinda, lakini hakutaka nimsaidie. Ilikuwa imekauka, imegeuka rangi ya chai, ikatoka vipande viwili. Vitundu vikabaki wazi. Akavitia vipande vile ndani ya kasha la kanda, pembeni ya karatasi yenye mwandiko wa kaka yake, akalifunga.

"Haya," akasema. "Sasa haifutiki tena. Rudisha kwenye bati, na uwashe kiyoyozi, tutakufa kwa joto."